Mtaa Uliolingana na Picha Yake

Ukitaka kumjua Mashavu, ingia nyumbani kwake mchana wowote. Hutakosa wanawake sebuleni, wengine uani, na katikati yao yeye mwenyewe, mpana, kakunja miguu, anajaza sufi kwenye godoro huku mdomo haupumziki. Kazi yake ni kushona magodoro na mito, lakini nusu ya wanaokuja hawana haja na godoro. Wanafuata habari. Nani kaposwa, nani karudishwa kwao, nani kanunua kochi likakwama mlangoni mpaka mlango ukang'olewa: yote yatapita pale, yatachambuliwa, mbegu huku, sufi huku.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekwenda Tengenea, mji ambao watu wake hawasemi kwa sauti.

Alimfuata mdogo wake, Hadia. Hadia aliolewa huko na mtu anayeitwa Mbaraka, akamwacha Tunu, binti wa ndoa yake ya kwanza, alelewe na Mashavu. Sasa Tunu naye kaposwa, harusi imekaribia, na mwana kashika lake: hatiwi hina mpaka mama yake awepo.

"Mama mkubwa, wewe umenilea, sikatai," alisema. "Lakini siku hiyo nataka nikigeuka nimwone."

Simu ya Hadia ilikuwa ikipigwa inapokelewa, kisha inasikika pumzi tu. Mashavu alizungumza na pumzi hiyo hadi akachoka. Akafunga mto mpya wa sufi kwenye kanga, uwe zawadi ya mwaliko, akaondoka. Njia aliyopita haina la kusimulia. Ya kusimulia yanaanzia alipotia mguu Mtaa wa Mwanzo Mpya.

Lami ilikuwa nyeusi, laini, haina hata kokoto. Pembeni yake ilikwenda njia ya baiskeli iliyopakwa kijani, halafu njia ya waenda kwa miguu ya vitofali vyekundu, halafu miti iliyokatwa mviringo, yote kimo kimoja. Mashavu, ambaye mtaa wa kwao mtaro na barabara ni kitu kimoja, alisimama akatikisa kichwa. Hawa wenzetu wamefika, aliwaza. Kisha akaona jambo lililomfanya aukumbatie mto wake. Jua lilikuwa la utosi, lakini vivuli vyote vya mtaa ule vimelala kushoto, virefu, kama vya jioni.

Akainama akagusa kivuli cha mti. Kilikuwa rangi.

Karibu na nguzo ya taa alisimama mwanamke mwenye mkoba wa buluu. Mashavu hajui kumpita mtu bila salamu.

"Habari za mchana, dada? Naulizia kwa Mbaraka, mume wa Hadia."

Kimya.

"Basi hata ukohoe!"

Wapi. Mashavu akasogea kwa mtoto aliyepiga magoti na puto jekundu mkononi. "Hujambo, mwanangu?"

Mtoto aligeuza macho tu, kichwa hakukigeuza. Alikuwa na ndevu.

"Shikamoo, mama," alinong'ona kwa sauti nzito. "Usisimame hapa. Wewe humo."

"Simo wapi?"

Yule mwenye ndevu akaelekeza macho yake juu, kwenye bango kubwa lililosimama mwanzo wa mtaa. Mashavu akalitazama. Ilikuwa picha ya mtaa ule ule: lami, vitofali, miti ya mviringo, vivuli vya kushoto. Mwanamke mwenye mkoba wa buluu alikuwamo. Mtoto mwenye puto alikuwamo. Mwisho kabisa wa barabara alichorwa mtu mdogo kama kidole, kwa kuwa yuko mbali. Na kwenye njia ya kijani palikuwa na mwanamke wa gauni la njano juu ya baiskeli, mguu mmoja uko juu ya pedali, mwingine umeinuliwa. Mchoraji hakuwatia macho wala mdomo. Sura zao zilikuwa rangi moja, kama maandazi kabla hayajaingia kwenye mafuta.

Mashavu akaitazama njia ya kijani yenyewe. Baiskeli ilikuwapo, imeegemezwa kwenye chuma kilichopakwa kijani kisionekane. Haikuwa na mnyororo, maana pichani mnyororo ulisahauliwa. Juu yake palikaa gauni la njano, na kiuno kile Mashavu alikijua tangu kikibebwa mgongoni kwake.

"Hadia!"

Jina lile lilipiga kuta za mtaa likarudi. Ndipo akasikia kitu ambacho muda wote alidhani ni upepo: nyuma ya kuta, minong'ono ya watu wengi sana, na yote ikakatika kwa mara moja.

Hadia hakugeuka. Jicho lake moja lilijaa maji, kisha yale maji yakarudi ndani, kama yaliyoamriwa.

Mkono ukamvuta Mashavu kwenye upenyo baina ya nyumba mbili. Alikuwa Mbaraka, shemeji yake, kapauka kama mtu asiyeona jua.

"Shemeji, unatuua," alinong'ona. "Ukiita, aliyechorwa anakuwa na jina. Jina halimo."

"Mke wako yuko juu ya baiskeli na wewe umekaa huku nyuma?"

"Huku ndiko tunakokaa sote."

Na kweli walikuwa huku. Nyuma ya nyumba nzuri za Mwanzo Mpya ulipita uchochoro wa tope, na uchochoro ule ulikuwa umebeba mtaa mzima. Wamama walikaanga, mafundi waligonga kwa nyundo zilizofungwa matambara, watoto walicheza mpira bila kupiga kelele wakifunga bao. Mgonjwa alipitishwa kwenye kitanda cha kamba, miguu ya wabebaji inazama, ilhali hatua chache tu upande wa pili lami ilikuwa tupu. Walipokutana na Mbaraka walimpa heshima. "Mume wa Baiskeli," walisema, wakimpisha.

Mbaraka alimweleza sheria za mji ule, na zinafaa kuelezwa hapa kama zilivyo, kwa kuwa watu wa Tengenea wanajivunia sana.

Huko mtaa hautengenezwi bila picha. Picha inachorwa kwanza, wakazi wanaonyeshwa, wanapiga makofi, ndipo mkandarasi anaanza. Kazi ya kwanza ilipokwisha, halmashauri ilikataa kupokea mtaa, kwa sababu ulikuwa na watu wasiokuwamo pichani: wauza karanga, wazee wa bao, mama mwenye mapacha. Palijadiliwa iwapo picha irekebishwe. Ikaonekana kwamba hilo lingekuwa dharau kwa picha. Basi ikapitishwa Sheria ya Ulinganifu: waliomo watokee, wasiokuwamo wapite nyuma. Aliyemo akikosekana, mtaa haujalingana. Usipolingana, unarudishwa kama ulivyokuwa.

"Wanaurudisha vipi?"

"Mtaa wa pili hapo, mmoja wa waliochorwa alitoka kwenda kumzika baba yake. Matrekta yakaja. Walichimbua lami, wakang'oa taa, wakamwaga hata takataka za zamani mahali pake." Mbaraka aliwaelekezea kidole watu wa uchochoroni. "Hadia akishuka, shemeji, hawa wote watatugeukia. Hata taa za usiku ziliwekwa ili mchana usiishe. Hashuki. Mimi namlisha kupitia tundu la ukuta."

"Tangu lini?"

"Alichaguliwa kwa sababu gauni lilimkaa. Tulifanya sherehe."

Mashavu alihesabu moyoni: tangu Tunu akiwa na meno ya utotoni. Zile simu alizokuwa akizungumza na pumzi, simu ilikuwa mfukoni mwa gauni. Kidole kiliweza kubonyeza. Mdomo haukuthubutu kufunguka, kwani aliyechorwa hakupewa mdomo.

"Nipeleke kwa wakubwa," alisema.

Wakubwa walikuwa mwisho wa mtaa. Uchochoro ulipotokea huko, Mashavu alijikuta ana kwa ana na yule mtu mdogo wa pichani, yule wa mbali. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, koti limemkaa vizuri, miwani, kila kitu. Lakini hakupita kiuno cha Mashavu.

"Usinitazame sana, mama," alisema, na sauti yake ilifika kama inatoka ng'ambo ya mto. "Mimi ni wa mbali."

"Baba, mbona nimeshafika na bado u mdogo?"

"Ndiyo kazi. Mwanzo nilikuwa nasimama mbali kweli. Wakaja wakajenga ofisi, umbali ukaisha. Ikabidi nipungue."

"Inauma?"

Akafikiri. "Inauma ukisikia watu wanacheka mahali, ukatamani kusogea. Huko kwenu, mtu wa mbali akija karibu, huwa anakuwa mkubwa?"

"Wengine hadi wanakera," alisema Mashavu, na yule mtu mdogo akatabasamu, kisha haraka akalifuta tabasamu kwa mkono.

Ukumbini madiwani walikuwa wamekaa kwa adabu. Hoja iliyokuwa mezani ilikuwa ndevu za mtoto wa puto. Kitwana, ndilo jina lake kabla ya puto, alichaguliwa akiwa mtoto, na kwa kosa ambalo halikuwa la mtu yeyote alikuwa amekua. Kwanza aliamriwa apige magoti ili kimo kilingane. Sasa ndevu. Diwani mmoja alitaka zinyolewe. Mwingine alipinga: kunyoa ni kukiri kwamba zipo. Ikaamuliwa zipakwe rangi ya shavu.

Akasimama diwani wa tatu akauliza kuhusu masika. Mvua ikinyesha, maji yanasimama kwenye lami, na pichani hamna maji. Jibu lilitolewa na Bwana Chambuso, Mlinganishi wa Mtaa, mtu mpole mwenye mikono safi, ambaye kila siku hutembea na nakala ndogo ya picha akiilinganisha na barabara.

"Mheshimiwa, jambo hilo lilishakwisha," alisema. "Mvua haimo. Kwa hiyo inaponyesha, mtaa unahesabiwa kuwa haupo, na sisi tunafunga madirisha. Litakalotokea huko wakati huo halijatokea. Jua likirudi, mtaa unarudi."

Makofi ya vidole viwili viwili. Mashavu hakupiga, lakini neno lile alilitia akilini kama mtu anayetia sindano kwenye pindo la kanga.

Zamu yake ikafika. Alieleza harusi, alieleza Tunu, alieleza kwamba mama mtu anahitajika siku tatu tu kisha waone wenyewe watakavyofanya. Alieleza kwa sauti yake ya kawaida, na madiwani wawili wakaziba masikio.

Bwana Chambuso alikagua nakala yake kwa uangalifu, juu mpaka chini.

"Harusi haimo," alisema kwa upole. "Mama hamo. Dada hamo. Aliyemo ni Mwanamke wa Baiskeli."

"Huyo Mwanamke wa Baiskeli nimemkogesha mimi, bwana! Ana kovu la pasi hapa mkononi!"

"Kovu halimo."

"Basi niitieni huyo mchoraji. Nizungumze naye, mimi na watu tunaelewana."

"Mchoraji hajawahi kufika hapa," alijibu Bwana Chambuso, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na fahari. "Ndiyo maana imetoka safi."

Mashavu alirudi uchochoroni akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mtu aliyemjua angeshtuka, maana hakusema kitu. Alifungua kanga, akautazama mto. Akaubonyeza. Akaupima kwa viganja, kama anavyowapima wateja wake kwa macho.

"Shemeji," alisema mwishowe. "Hilo gauni lina mfano wake?"

"Yako mawili. La kuvaa na la kufua."

"Niletee la kufua. Na sindano."

Alishona palepale, wamama wakimzunguka. Alipasua mto, akajaza sufi kwenye mikono ya gauni, kwenye kiuno, kwenye paja la mguu ulioinuliwa. Kichwa alikishona kwa shuka ya rangi ya maandazi mabichi, akakifunga kilemba. Hakukitia macho. Wamama wa uchochoroni walisogea, wa kwanza akiogopa, wa pili akichekea kiganjani, na Mashavu, kwa kuwa ndivyo alivyo, akaanza kuwapa habari za kochi lililokwama mlangoni. Wakati mguu wa pili unakwisha, uchochoro ulikuwa na kitu ambacho haukuwa nacho siku nyingi: watu wamejaa mahali pamoja, wanagongana mabega.

Mvua haikukawia. Ilianza kwa matone makubwa, na mara zikasikika komeo za madirisha ya ofisi, moja baada ya nyingine, mtaa mzima. Tengenea ikafumba macho.

Mashavu alitoka na mwanamke wa sufi kifuani. Maji yalikuwa yamefunika lami, na vivuli vya rangi vilionekana chini yake kama watu waliolala. Alifika njia ya kijani.

"Mdogo wangu. Ni mimi. Shuka."

Hadia alimtazama. Midomo yake ilijaribu kuachana ikashindwa, ikajaribu tena.

"Da... da," alisema, kwa sauti iliyoota kutu. "Watachimbua."

"Hawatachimbua. Mwenzio huyu hapa. Shuka kabla mtaa haujarudi!"

Mguu ulioinuliwa ulikataa kuteremka. Ilibidi Mashavu aukamate kwa mikono miwili aukunjue kidogo kidogo, huku akimsemesha: Tunu ana meno kama yako, Tunu anakoroma, mchumba wa Tunu ana masikio makubwa lakini ana adabu. Kwa hilo la masikio Hadia alitoa mlio. Mashavu hakuutambua mara moja. Ulikuwa mwanzo wa kicheko. Mguu ukashuka.

Wakamweka wa sufi mahali pake, wakakimbilia upenyoni, Hadia akitembea kama mtoto aliyeanza kutembea juzi. Hawakutazama nyuma. Laiti wangetazama, wangeona kwamba pale chini ya baiskeli kivuli kirefu cha kushoto kilibaki mahali pake, na ncha yake ilijivuta kidogo kuwaelekea, ikashindwa.

Jua lilitoka. Madirisha yakafunguka. Kutoka upenyoni, wote wamebanana, walimwona Bwana Chambuso anakuja na nakala yake. Uchochoro mzima ulishika pumzi. Mbaraka alifumba macho, akayasikiliza matrekta ambayo bado hayajaja.

Bwana Chambuso alimtazama Kitwana na ndevu zake zilizopakwa, akatikisa kichwa kuridhika. Akafika kwenye baiskeli. Alitazama picha, akatazama gauni. Alikaribia mpaka pua yake ikakaribia kugusa uso ule usio na uso.

"Leo ametulia," alisema taratibu. "Huyu hasa ndiye. Siku zote alikuwa na kitu machoni."

Akaandika "Vizuri sana", akaendelea na safari yake.

Hadia alijitupa mbele, na kama si mikono ya Mashavu angetokeza barabarani. "Niache nimwambie! Nimeungua jua pale, dada! Nimezuia chafya kwa ajili ya mtaa wao! Hata hakujua!" Alilia bila sauti, kwa mazoea, mdomo wazi na hakuna kinachotoka.

"Lia kwa sauti," Mashavu alimwambia. "Tukitoka hapa utalia kwa sauti, nami nitakuitikia."

Wakati wa kuondoka, Mashavu alipita karibu na nguzo ya taa, na jicho lake la kazi likanasa kitu. Yule mwanamke wa mkoba wa buluu, ambaye alimkasirikia kwa kutomjibu salamu, alikuwa anachuruzika maji. Mshono wa kwapa lake ulikuwa umeachia. Ndani yake ilichungulia pamba iliyokwisha kuwa ya manjano, ya zamani sana. Na mshono ule haukuwa wa mkono wa fundi. Ulikuwa wa mtu aliyeshona kwa haraka, akitetemeka, akaenda zake, na mji haukuwahi kuuliza.

Mashavu hakuuliza pia. Aliurudishia mshono ule pini moja, akamshika mdogo wake mkono, na Mbaraka akawafuata. Mwisho wa mtaa mtu wa mbali aliinua mkono wake mdogo. Kadiri walivyokwenda, hawakuona amepungua.

Harusi ilifanyika uani kwa Mashavu, na nyumba ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya matangi. Tunu aligeuka, akamwona mama yake, akasahau kwamba bibi harusi hukaa kimya. Alipiga kelele. Wanawake wakapokea kwa vigelegele, na Hadia alisimama katikati ya kelele zile kama mtu aliyetoka gizani, anapepesa.

"Huyu ndiye Hadia?" aliuliza jirani mmoja. "Mbona kawa mpole hivi? Zamani alikuwa mdomo mmoja na dada yake."

"Alikuwa kazini," alijibu Mashavu. "Kula pilau, mwenzangu."

Ndipo akaja mpiga picha. Akawapanga: Tunu hapa, mama hapa, mama mkubwa hapa. Akarudi nyuma, akainua mkono. "Haya, tulieni hivyohivyo. Msitikisike."

Uso wa Hadia ukafutika. Macho yakapoa, mdomo ukafungana, na mguu wake wa kulia, polepole, ukaanza kuinuka wenyewe.

"We kijana!" Mashavu alipaza sauti hadi ngoma zikasita. "Nani kakwambia sisi tunatulia? Piga tukicheza! Wapiga ngoma, mnangoja nini?"

Ngoma zikadunda. Mashavu akamshika mdogo wake mikono miwili, akamzungusha, na mguu ule ukagonga ardhi, ukagonga tena.

Jua la alasiri lilikuwa limelala kando, na vivuli vya watu wote vilicheza ukutani. Mtoto mmoja aliyekaa karibu alinyoosha kidole. "Mama, mbona shangazi yule hana—"

Mashavu aliliona jambo lile kabla neno halijakwisha. Mwili wake aliuhamisha, mpana, baina ya Hadia na jua, na kivuli chake kikubwa kikamfunika mdogo wake mwili mzima. Tangu hapo hakuondoka mahali pale. Hadia akienda kushoto, naye kushoto. Akirudi, naye anarudi. Watu wakasema, tazama ndugu wanavyopendana, hawaachani hata hatua.

Na ukutani kilionekana kivuli kimoja kipana, cha ndugu wawili, kinacheza kwa miguu minne.